Rukh na Uzito wa Dunia

Ndege wa kubuni husomwa haraka kuwa alama ya uhuru: ana mabawa, basi amevuka mipaka inayotufunga sisi. Usomaji huo hauelezi kwa nini wasimulizi walimtaka ndege mkubwa kama Rukh, maana hata mbayuwayu anaruka. Katika safari za Sindbad zilizomo ndani ya Alfu Lela U Lela, ajabu ya Rukh iko katika kubeba: hunyakua tembo mzima akawalishe makinda yake. Ninashikilia kwamba ndege wa namna hii ni kipimo cha mzigo. Binadamu humbuni pale maisha yanapomlemea, na ukubwa wa ndege hueleza ukubwa wa kilichomlemea.

Msomaji wa Ziba, mkoani Tabora, au wa Tabora mjini ana sababu ya kuliona hili upesi. Katika karne ya 19 pembe za ndovu zilitoka bara hadi Bagamoyo mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na njia ilikula miezi. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyefika Kaze, Tabora ya leo, mwaka 1857, aliandika kuhusu wabeba pembe waliofunga kengele kwenye ncha ya pembe. Meno mawili tu ya tembo yaliwatoa watu jasho kutwa kucha. Rukh anamchukua tembo mwenyewe, nyama na mifupa, kwa mara moja. Anayejua uzito wa pembe hahitaji kufafanuliwa ajabu hiyo.

Atatokea wa kusema kwamba Rukh ni wa mabaharia wa Basra, wala hakuzaliwa Unyamwezi, na pengine ni uvumi uliotokana na mayai ya ndege mkubwa wa Madagaska aliyekwisha kutoweka. Hoja hiyo ina nguvu, kwani yai moja la ndege yule liliweza kujaa lita nane. Lakini ndege yule hakuweza kuruka. Ikiwa uvumi ulianzia kwake, basi mabawa na kucha za kuinulia tembo ni nyongeza ya wasimulizi, na nyongeza hiyo ndiyo inayodai maelezo. Tena hadithi zenyewe ni za wafanyabiashara wa bahari ileile iliyopitisha pembe za Afrika Mashariki. Uzito wa shehena waliujua.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kumwota mbebaji wa ajabu ni kumsahau mbebaji halisi. Hadithi yenyewe inajibu. Sindbad anajifunga kwa kilemba chake kwenye mguu wa Rukh. Ndege hana habari naye, na anamshusha karibu na bonde lenye almasi na majoka ya kutisha. Nguvu iliyombeba haikumjua. Hapo hapana ahadi ya nafuu, bali onyo kwamba mwenye nguvu anaweza kukuinua bila kukujali. Kwa hiyo mwandishi wa leo anayebuni ndege wake ajiulize kwanza: anabeba nini, kwa ajili ya nani, na anamtua wapi aliyembeba? Ndege asiye na majibu hayo atabaki pambo, hata mabawa yake yakifunika jua.