Kiangukacho na Kiangushacho

Katika maswali ambayo wahenga waliwarithisha wana wa zama hizi bila ya kuyatatua, limo moja ambalo ni wachache wanaolikumbuka kuwa ni swali: kitu kinapoanguka, je, huanguka kwa tabia yake chenyewe, au kwa nguvu ya kitu kingine, au kwa amri ya Mola isiyohitaji kiungo?

Aristotle, ambaye wanafalsafa wa Kiarabu walimpa lakabu ya Mwalimu wa Kwanza, alijibu kwamba kila kitu kina makao yake ya asili, na makao ya jiwe ni chini. Kwa hivyo jiwe huteremka kwa kutaka kurudi kwao, na lililo zito zaidi huteremka kwa mbio zaidi. Jibu hilo lilitawala karibu miaka elfu mbili, wala si kwa sababu watu walikuwa wajinga. Mtu aliyeiona nazi ikishuka kwa kishindo, na unyoya wa kunguru ukiyumbayumba hewani kana kwamba hautaki kufika, ana udhuru wa kumsadiki Aristotle, maana ameshuhudia kwa macho yake. Lakini macho hayo yameona mambo mawili yaliyochanganyika, mvutano wa dunia na ukinzani wa hewa, nayo hayana uwezo wa kuyatenga. Hewa humkinza kila apitaye ndani yake, na mbio zinapozidi ukinzani nao huzidi, hata ulingane na uzito wa kiangukacho. Hapo mbio hazizidi tena. Unyoya, kwa wepesi na upana wake, huufikia mpaka huo mara moja. Nazi huigonga ardhi kabla ya kuukaribia. Tarehe 2 Agosti 1971, juu ya mwezi ambako hakuna hewa, mwanaanga wa Marekani David Scott aliachia kwa pamoja nyundo na unyoya wa kozi, navyo vikaigusa ardhi ya huko kwa wakati mmoja.

Kwa nini lililo zito lisitangulie, hali dunia inalivuta zaidi? Kwa sababu, kwa kadiri ile ile linavyovutwa zaidi, ndivyo tungamo lake linavyolifanya gumu zaidi kuondolewa katika utulivu. Ulinganifu huu ni wa ajabu mno, na Isaac Newton hakuuamini hivi hivi. Katika kitabu chake cha 1687 anaeleza jinsi alivyotundika visanduku viwili kwa nyuzi za futi 11, akavipa uzito sawasawa, kimoja akakijaza mbao, na katika kingine akatia dhahabu, kisha kwa zamu fedha, risasi, kioo, mchanga, chumvi, maji na ngano, akavibembeza; navyo vikaenda na kurudi pamoja kwa muda mrefu. Akahukumu kwamba tofauti ya sehemu moja katika elfu isingemponyoka.

Sasa turudi kwenye swali. Imamu Ghazali, aliyefariki 1111, alikuwa amekwisha kufundisha kwamba pamba ikigusana na moto tunachokiona ni kuungua baada ya kugusana, hatuoni kuungua kukizalishwa na moto. Mambo mawili hufuatana kwa ada aliyoiweka Mola. Ibn Rushd alimjibu kwamba mwenye kukanusha sababu amekanusha elimu yenyewe. Nimsomapo Newton, namwona amekaa baina ya wawili hawa, tena karibu na Ghazali kuliko wadhanivyo wengi wanaomtukuza. Ni kweli kwamba asingehangaika na visanduku vyake kama asingekuwa na imani ya Ibn Rushd katika sababu. Lakini katika chapa ya pili ya kitabu, 1713, alikiri kwamba kanuni ya mvutano ameionyesha, na sababu ya mvutano hajaipata, wala hatabuni dhana ya kuziba pengo.

Wako wahubiri wanaoliziba kwa haraka. Husema: tazameni mvua, jinsi Mola kwa rehema yake anavyoishusha kwa upole! Na kwa hakika, tone lishukalo kutoka kilomita 2, kama hewa isingelikinza, lingetufikia kwa mbio zipatazo mita 200 kwa sekunde, na hali sasa tone kubwa hutufikia kwa mita 9 hivi. Sipingi shukrani, napinga kuigeuza shukrani kuwa burhani, kwa kuwa mvutano ule ule humteremsha mkwezi mcha Mungu aliyeteleza, wala hewa haimwauni. Atakaye kuisoma rehema katika mvua na ausome na msiba huu, asiuruke.

Mwaka 1915 Albert Einstein alikuja na maelezo mengine: mvutano si kani, ni mpindo wa nafasi na wakati uletwao na tungamo. Kwa nini tungamo liipinde nafasi, milinganyo yake haisemi. Swali la nani aangushaye halimo katika fizikia. Mwalimu wa fizikia asilaumiwe kwa kutolijibu, na mwalimu wa dini asidai kuwa amelijibu kwa kuazima vipimo vya mwenziwe.