Je, Asiyejua Hana Hatia?



Katika Luka 12, mstari wa 47 na 48, Bwana Yesu anazungumza juu ya watumishi wawili. Mmoja alijua bwana wake anataka nini na hakufanya. Huyo fimbo zake ni nyingi. Mwingine hakujua, akakosea. Huyo naye anachapwa, lakini kidogo. Tulipofika hapo katika ushirika wetu wa nyumbani hapa Ruiru, kijana mmoja akauliza: "Sasa kama kujua ndiko kunaongeza fimbo, si ni afadhali mtu asijue?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Wiki hiyo nilikuwa nimefikishwa kwenye swali hilohilo kwa njia nyingine, njia ya jeki na spana.

Wengi wenu mnalijua gari langu, lile refu la maruni ambalo watoto wa Sunday school hulizunguka wakihesabu vitufe vya dashibodi kupitia dirishani. Ni Alfa Romeo 164, gari la Kiitaliano, injini ya V6 ya lita 3. Aina hiyo ilianza kuuzwa mwaka wa 1987. Umbo lake lilichorwa na Pininfarina, walewale waliochora Ferrari nyingi, na chasi yake ni ya ukoo mmoja na Saab 9000, Fiat Croma na Lancia Thema. Wakati wake lilikuwa gari la wakubwa. Mimi nililipata likiwa limechoka, kutoka kwa mzee aliyekuwa amestaafu na anarudi mashambani. Leo huwezi kuagiza la umri huo kutoka nje, maana Kenya haikubali gari lililotumika likiwa limezidi miaka 8. Yaliyobaki ni yale yaliyoingia zamani, na kila mwaka yanapungua.

Mafundi wa jua kali kule Thika ni hodari. Kuna mmoja wa leithi ambaye humpelekea diski za breki azisawazishe, na kazi yake ni safi. Lakini ukifungua boneti ya gari hili mbele yao, wengi hurudi nyuma hatua moja na kukuuliza mbona usiuze ununue Toyota. Si swali baya. Spea za Toyota ziko kila kona ya Kirinyaga Road. Zangu husubiri mtu anayesafiri kutoka Uingereza aziweke kwenye sanduku. Kwa hiyo nimejifunza kulitengeneza mwenyewe, Jumamosi, nyuma ya nyumba, na binti yangu ndiye msaidizi.

Sasa, kujitengenezea gari kuna jambo moja ambalo hakuna aliyeniambia mapema. Ukimpelekea fundi, unarudi nyumbani na risiti. Ukilifungua mwenyewe, unarudi ndani na habari. Unajua mpira gani umeanza kupasuka, nati gani imeliwa na kutu, waya gani umefungwa na tepu. Unakaa mezani kula ugali na habari hizo zimekaa nawe.

Mwezi wa nne nilikuwa nabadilisha padi za breki za mbele. Nikaona paipu ya mpira, ile fupi inayopeleka mafuta ya breki kwenye gurudumu, ina nyufa pale inapopinda karibu na chuma. Nikamwambia binti yangu akanyage breki kwa nguvu. Paipu ikavimba kidogo, kama shavu la mtu anayepuliza moto, kisha ikarudi. Wenye kujua wanajua maana yake. Mafuta ya breki hayabonyei, ndiyo maana nguvu ya mguu wako inafika kwenye gurudumu. Mpira ukianza kuvimba, nguvu hiyo inapotea njiani, na siku moja mpira unakubali kupasuka. Nikaagiza mpya, nikaambiwa ni wiki tano. Gari likabaki juu ya stendi.

Siku nne baadaye wakaja wazazi wa bwana harusi. Arusi ilikuwa Thika, picha zipigwe Blue Post kando ya maporomoko, na walitaka gari langu libebe bibi harusi. Ni heshima kubwa kuombwa hivyo, wala sitaficha kwamba moyo ulipanda. Nikawaeleza. Mama wa bwana harusi akasema, "Mzee wangu, kutoka hapa Ruiru mpaka Thika si ni kilomita 20 tu? Na tutaiombea. Tutaifunika na damu ya Yesu." Nikasema hapana, haitatoka. Ndipo mjomba wa kijana, mtu mwenye akili nyingi, akaniuliza hivi: "Hebu niambie, mzee. Hiyo paipu kama hungekuwa umeiona, si ungetupatia gari?"

Nikasema ndiyo, ningewapatia.

"Na ingeenda na irudi?"

Nikasema pengine.

"Basi hatari si iko vilevile? Shida ni macho yako."

Wakaondoka bila kumaliza chai. Walikodisha gari lingine, la kisasa, jeupe. Niliomba nililiangalie chini kabla halijapambwa maua. Wakakataa, na sauti yao ilikuwa ya watu waliotukanwa. Gari lile lilienda Thika, likapiga picha Blue Post, likarudi salama. Tangu hapo nimeambiwa mara tatu, mara mbili katika uwanja wa kanisa: "Umeona?"

Nimelifikiria neno la yule mjomba kuliko mahubiri mengi niliyosikia mwaka huu. Kwa upande wa hatari alisema kweli. Paipu ni ileile, barabara ni ileile, bibi harusi ni yuleyule. Ufa haukuongezeka kwa sababu mimi nilichungulia. Kilichobadilika ni mimi. Je, inawezekana kosa likawa ndani yangu tu, na nje hakuna kitu kilichosogea?

Torati inajibu, na inajibu kwa mnyama. Someni Kutoka 21, mstari wa 28 na 29. Ng'ombe akimpiga mtu pembe akafa, ng'ombe anauawa na mwenyewe anaachiliwa. Lakini kama ng'ombe huyo alikuwa na tabia hiyo tangu zamani, na mwenyewe ameambiwa, na hakumfunga, basi mwenyewe naye ana damu mikononi. Angalieni: pembe ni zilezile katika mistari yote miwili, na marehemu ni marehemu. Kinachotenganisha mtu huru na mtu mwenye hatia ya damu ni kwamba huyu wa pili aliambiwa. Kwa hiyo jibu langu kwa mjomba ni kwamba ndiyo, shida ni macho yangu. Mungu mwenyewe ameyahesabu.

Lakini hapo kijana wetu wa ushirika anapata nguvu. Atasema: basi mwenye ng'ombe mjanja ni yule asiyeenda karibu na zizi. Asiyesikiliza majirani. Asiyeinama chini ya gari. Na kusema kweli, nchi yetu imejaa ujanja huo. Kuna watu wana miaka sita na gari na hawajui rangi ya mafuta yao ya breki, na wanajisifu: "Mimi gari yangu haijawahi kunisumbua."

Mlango huo Mungu ameufunga katika Kumbukumbu la Torati 22:8, mstari ambao sijawahi kusikia ukihubiriwa. Ukijenga nyumba mpya, jenga ukuta mdogo kuzunguka paa, mtu asije akaanguka ukapata hatia ya damu. Hapo hakuna aliyeanguka bado. Hakuna jirani aliyekuja kukuonya. Nyumba ni mpya kabisa. Huwezi kusema "sikujua," kwa sababu amri inakutaka ufikirie mguu wa mgeni kabla mgeni hajapanda ngazi. Ng'ombe anatuuliza tulifanya nini na tulichokijua. Paa linatuuliza kwa nini hatukujua. Na anayeendesha gari ana vyote viwili: ana mnyama mwenye pembe, na ana paa ambalo watu wengine hupanda. Hata Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, inadai gari litunzwe katika hali isiyohatarisha watu barabarani. Si siku ya arusi peke yake.

Kuna Mwingereza mmoja, mwanahisabati aitwaye William Clifford, aliyeandika makala mwaka wa 1877 juu ya jambo hili. Niseme mapema kwamba hakuwa rafiki wa imani yetu. Makala yenyewe aliiandika akitushambulia sisi tunaoamini. Lakini mfano wake unanikata. Anasimulia habari za mwenye meli aliyekuwa karibu kutuma meli kuukuu baharini ikiwa imejaa familia zinazohamia ng'ambo. Alikuwa na wasiwasi juu yake, maana alijua ni nzee na imetengenezwa mara nyingi. Wasiwasi ukamsumbua, basi akajituliza: imeshafanya safari nyingi salama, na Mungu hawezi kuziacha familia hizi zipotee. Akaiaga kwa moyo mweupe. Meli ikazama, naye akachukua pesa za bima. Clifford anasema mtu huyo ana hatia ya vifo vyote, ingawa aliamini kwa dhati, kwa sababu imani ile hakuipata kwa kukagua meli. Aliipata kwa kunyamazisha mashaka. Halafu anaongeza: hata kama meli ingefika salama, hatia ingebaki ileile. Haikuwa imeonekana tu.

Ndiyo maana ile "umeona?" hainitingishi. Gari jeupe lilirudi, namshukuru Mungu, na nilifurahi kuona maharusi wakiwa wazima. Lakini kurudi kwake hakukukagua breki zake.

Kinachoniuma katika mfano wa Clifford ni kwamba yule mwenye meli alitumia maneno yetu. Alimtaja Mungu. Wapendwa, mimi ninaamini maombi. Nimeona nguvu zake katika nyumba yangu. Lakini kumbukeni Mathayo 4, mahali Ibilisi alipomweka Bwana juu ya kinara cha hekalu na kumwambia ajirushe, malaika watamdaka. Alitumia Zaburi kumshawishi. Na Bwana, ambaye malaika walikuwa wake kweli, alikataa kuruka. Kufunika gari kwa damu ya Yesu huku unajua paipu imevimba kunafanana na kusimama pale juu. Nehemia aliomba na akaweka walinzi, na hakuna aliyemwambia imani yake ni ndogo.

Najua kuna mtu atauliza, mwisho wa kukagua ni wapi? Hakuna anayeweza kuangalia kila nati. Hata mimi nachagua. Mkanda wa taimingi wa injini yangu umefichwa ndani ya kifuniko, kuubadilisha ni kazi ya siku mbili, na ukikatika pistoni zinagonga valvu na injini imekwisha. Mwaka jana niliuongezea miezi michache, nikijua ninacheza na bahati, lakini gari lilikuwa likienda sokoni na kurudi polepole, na ningeumia mfuko wangu tu. (Mke wangu anasema mfuko huo si wangu peke yangu, na hapo sina la kujibu.) Shingo ya mtoto wa mwenzangu ni hesabu nyingine. Kwenye breki, tairi, na usukani sijipi miezi.

Na kuna mwenye kujua asiye na uwezo. Hili ndilo gumu kwangu. Mwezi uliopita, gari likiwa bado juu ya stendi, nilipanda matatu kutoka Thika. Tulipokaribia Juja nikasikia chuma kikikwaruza chuma kila dereva akikanyaga breki. Padi zimeisha kabisa. Nilikuwa nimekaa nyuma yake. Abiria wengine walikuwa kwenye simu zao; mimi nilikuwa nimesikia, na ukishasikia sauti hiyo huwezi kuirudisha. Nikashuka Juja ingawa nilikuwa nimelipa hadi Ruiru, nikaenda kwenye dirisha lake. Kijana wa miaka kama 25. Nikamwambia, "Kijana wangu, hizo breki zimeisha."

Akasema, "Mzee, najua. Gari si yangu. Nimeambia mwenyewe mara mbili, anasema nimalizie wiki. Nikiisimamisha leo, kesho anapea mtu mwingine."

Nilimtazama nikakosa la kumhukumu. Ana kodi ya nyumba, na huenda ana mtoto. Lakini ana watu 14 nyuma yake pia, na anajua. Kwa mwenye gari, nakala ya Kutoka 21 imeshafika mara mbili. Kwa dereva, sijui fimbo zake ni ngapi, na sitaki kuwa mimi wa kuzihesabu. Nilichojua ni kwamba sasa tulikuwa watu watatu tunaojua, na mmoja wao nilikuwa mimi.

Nikawaambia abiria kwa sauti kile nilichosikia. Wawili wakashuka. Mmoja akanitukana. Nikamwomba dereva namba ya mwenye gari. Akasita, akatazama kondakta, kisha akaniandikia kwenye kipande cha karatasi. Nimempigia mwenyewe mara mbili, hashiki simu. Karatasi iko ndani ya Biblia yangu, na kesho asubuhi napiga tena.