Akiba ni ya Nani? Fikira juu ya Chumvi na Njaa

Wahenga walisema kuwa akiba haiozi. Madarasani methali hii hufunzwa kuwa ni sifa ya mtu mwangalifu, na asiye na akiba huhesabiwa kuwa mzembe. Je, hukumu hiyo ni ya haki? Hebu tuipime kwa mfano wa Katwe, wilayani Kasese, magharibi ya Uganda.

Katwe ni mji uishio kwa chumvi. Umezungukwa na mbuga ya taifa iliyotengwa mwaka 1952, na wenyeji wake hawana mashamba ya kuwatosha. Huvuna chumvi katika vidimbwi vya ziwani, huiuza, kisha hununua ndizi, maharagwe na unga. Jua likiwaka, chumvi huganda. Mvua kubwa ikinyesha, maji ya chumvi huzimuka na mavuno hupungua. Basi neema ileile imfurahishayo mkulima wa milimani yaweza kumkosesha mvuna chumvi chakula chake, hata kama soko limejaa.

Mwenye kidimbwi aweza kuweka magunia ghalani yangoje siku za dhiki. Lakini kibarua, ambaye ujira wa leo ndio chakula cha leo, ataweka nini? Hakukosa busara, alikosa ziada. Amartya Sen alilieleza jambo hili mwaka 1981: katika njaa ya Bengal ya mwaka 1943, wengi walikufa si kwa kuwa chakula hakikuwapo nchini, bali kwa kuwa hawakuwa na uwezo wa kukipata.

Huenda mtu akasema kuwa akiba ya mmoja ikigawiwa wote itakwisha kabla ya mvua kukatika, na wote watalala njaa. Hoja hii ina uzito. Hata hivyo, inachokataza ni kugawa bila kipimo, wala si kugawa. Kwa hiyo hapana budi kipimo kiwekwe wakati wa kiangazi, chumvi ikiwa nyingi, na kila mwenye kidimbwi atoe sehemu yake kwa ajili ya wasio nacho. Angojaye njaa iingie ndipo aifikirie haki, atakuta kila mlango umekwisha fungwa.

Wahenga walisema pia kuwa mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Walimu wenzetu, yafaa tuzifunze methali hizi mbili pamoja. Ya kwanza humfunza mtoto kujiwekea. Ya pili humfunza kuuliza ni nani aliyekosa cha kuweka.