Washa Chini ya Springi

Lori la mbao likitoka Mafinga kwenda Dar es Salaam halina budi kuteremka Kitonga. Hili ninalolisimulia lilifika mlimani likiwa na mzigo kamili na kasi isiyofaa, na dereva akaingiza gea ndogo akitegemea injini imsaidie breki. Mzigo ukasukuma magurudumu, magurudumu yakaizungusha injini kupita mwendo wake. Pampu ilikuwa imeshakata dizeli, lakini haikusaidia kitu, kwa sababu aliyekuwa akiizungusha injini sasa ni mlima. Vyuma vikagonga, moshi mweupe ukafumka, na dereva akahangaika na breki mpaka akapata pa kusimama.

Kifuniko cha juu ya hedi kilipofunguliwa, pushirodi tatu zilikuwa zimepinda. Springi ya valvu ya ekzosi kwenye silinda ya nne ilikuwa imekatika vipande viwili, koleti zimeachia, na valvu yenyewe imeangukia ndani ikatoboa pistoni.

Lawama zote zilimwendea dereva. Baadhi ni zake, sikatai, ila msiba huu ulianzia gereji.

Injini hiyo ilikuwa imepungua nguvu, hedi ikashushwa, valvu zikasagwa. Springi zote 12 zikasimamishwa mezani kando ya mpya moja, na karibu zote zikaonekana fupi kuliko ile mpya. Fundi akamwambia tajiri anunue seti nzima.

"Hakuna namna nyingine, fundi?"

"Namna ipo, bosi. Tunaweka washa chini, zinakaza."

Zikanunuliwa mbili tu badala ya zile zilizochoka kabisa. Kumi zikarudi na washa za bolti chini yake. Lori likawaka vizuri na nguvu zikarudi, na hapo ndipo ubaya wa dawa hii ulipo: inamridhisha kila mtu.

Tupige hesabu. Tuseme springi ina mizunguko saba ya waya wa milimita 4. Ikibanwa mpaka mizunguko ikagusana, inabaki kipande kigumu cha milimita 28 hivi, na hapo haibonyei tena. Ikikaa kwenye hedi valvu ikiwa imefunga, urefu wake ni milimita 40. Kamshafti ikiinua valvu milimita 10, inabaki 30. Nafasi iliyosalia ni milimita 2, na hiyo ndiyo usalama wa injini. Ingiza washa ya milimita 1.5, umebakiwa na nusu milimita.

Kwenye barabara tambarare nusu milimita inaweza kutosha. Lakini injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila valvu inafunguka mara 25 kwa sekunde. Mwendo ukizidi hapo, springi iliyochoka haiwahi kuirudisha valvu mahali pake, na waya wenyewe unaanza kutetema, mizunguko ikigongana. Katika injini ya dizeli pistoni hupanda karibu sana na hedi, kwa hiyo valvu iliyochelewa hukutana nayo.

Washa si haramu. Kiti cha valvu kikikatwa, valvu huzama, shina lake hutokeza zaidi upande wa juu, na springi hupata nafasi kubwa kuliko iliyopangiwa. Washa ngumu za kazi hiyo zipo, kurudisha kimo kile kile, na huchaguliwa baada ya kupima kila valvu peke yake. Kuziweka ili kuficha uchovu wa springi ni jambo jingine kabisa, tena washa laini za bolti huliwa na unga wake huingia kwenye oili.

Ile springi iliyokatika ilistahili kutazamwa vizuri. Upande mmoja wa jeraha ulikuwa laini, umeng'aa kwa kusuguana muda mrefu. Uliobaki ulikuwa na chembechembe za chuma kilichovunjika ghafla. Sehemu laini ilianzia kwenye mkwaruzo mdogo wa meno ya plaizi. Kiwandani waya wa springi hupigwa kwa vigololi vidogo vya chuma ili ngozi yake ya nje iwe ngumu na isipasuke. Mkwaruzo mmoja unaiharibu kazi hiyo, na kishimo cha kutu pia. Ndiyo maana springi haishikwi kwa plaizi, haibanwi kwenye jiliwa bila kitambaa, haipashwi moto wa gesi, wala haivutwi ili irefuke, maana itarudia ufupi wake upesi.

Hata mpya hazifanani. Mwaka 2018 Subaru iliita magari takriban 400,000 duniani kwa sababu ya springi za valvu zilizoweza kuvunjika. Kwa hiyo mnunuzi anayechagua kwa macho dukani anabahatisha. Springi huchaguliwa kwa kufuata injini na kamshafti yake. Na ngumu kuliko inayotakiwa si bora: inakula kamshafti na tapeti, na inaisumbua valvu na kiti chake bure.

Zikishapatikana, kinachozitunza ni oili safi, kwa kuwa ndiyo inayozipoza. Ikiganda tope juu ya hedi, zinapikwa taratibu.

Tajiri alilipa hedi, pistoni, pushirodi na gari la kuhamisha mbao. Safari hii zilinunuliwa springi zote 12, na fundi mwingine akazipima kimo moja moja kwa vania kabla ya kufunga. Dereva akaambiwa gea ya kushukia ichaguliwe juu, kabla mteremko haujaanza, na mshale wa mizunguko usivuke mstari mwekundu hata kama mguu haupo kwenye mafuta.