Thamani ya Hati za Hisa za Reli Zilizokufa

Hati ya hisa ni karatasi inayothibitisha kwamba aliyetajwa ndani yake anamiliki sehemu ya kampuni. Katika karne ya 19 kampuni za reli za Marekani zilitoa hati hizo kwa wingi, kwa kuwa ujenzi wa reli ulidai mtaji uliozidi uwezo wa tajiri mmoja. Kampuni nyingi zilifilisika au kumezwa na nyingine. Leo hati zake hazileti gawio wala kura, lakini wakusanyaji huzigombania mnadani. Je, kitu kilichokwisha kazi hupata wapi thamani?

Aristotle alieleza kuwa kiatu kina matumizi mawili: kuvaliwa na kubadilishwa kwa kitu kingine. Hati ya hisa haina la kwanza. Ni ahadi, na ahadi husimama pale tu inapotambuliwa. Mwaka 1868, tajiri wa reli Cornelius Vanderbilt alipokuwa akinunua hisa za reli ya Erie ili aitawale, wakurugenzi wa reli hiyo Daniel Drew, Jay Gould na James Fisk walitoa maelfu ya hisa mpya, kisha wakakimbilia Jersey City kukwepa kukamatwa. Kwa macho, hati mpya hazikutofautiana na za zamani. Mwishowe Bunge la jimbo la New York ndilo lililozihalalisha.

Kampuni ikiwa hai, hisa moja ni sawa na nyingine ya aina yake. Mwenye nayo hajali ameshika ipi. Kampuni ikifa, mambo hugeuka. Mkusanyaji hutazama picha ya garimoshi iliyochongwa kwenye bamba la chuma, jina la mwanahisa lililoandikwa kwa mkono, na matundu yaliyotobolewa kuonyesha kuwa hati imefutwa. Sahihi ya Vanderbilt, iliyokuwa utaratibu wa ofisi tu, sasa hupandisha bei.

Huenda ikadaiwa kwamba imani moja imechukua nafasi ya nyingine. Hata hivyo, hisa hutegemea yajayo, ambayo huweza kukwama. Hati ya kale hutegemea yaliyokwisha kutendeka. Ndiyo maana nakala ya kughushi, hata ikifanana nayo kabisa, haiwezi kushika nafasi yake: haikupita katika mikono ileile. Bei hubaki mikononi mwa wanunuzi, nao wakichoka itashuka. Ushahidi uliomo katika hati hautashuka nayo.