Miaka Miwili ya Kumhukumu Snape

Plato alitaka hadithi zichujwe kabla ya kuwafikia watoto, kwa kuwa aliamini nafsi changa hushika chapa ya chochote kinachoigusa. Mzazi anayemnyang'anya mwanawe vitabu vya Harry Potter kwa kuogopa uchawi ni mwanafunzi wa Plato, hata kama hajawahi kumsikia. Na si huku kwetu tu. Desemba 2001 kanisa moja la Alamogordo, New Mexico, lilivitia moto vitabu hivyo hadharani, na chama cha maktaba cha Marekani kiliviorodhesha kuwa ndivyo vilivyopingwa zaidi nchini humo kati ya 2000 na 2009. Mashabiki nao hujibu kwamba vinafundisha urafiki na ujasiri. Wanabishana, lakini msingi wao ni mmoja: kitabu humimina, mtoto hupokea. Msingi huo ndio ninaoukataa.

Kitabu cha kwanza kilitoka Juni 1997, cha saba Julai 2007. Aliyeanza na miaka 11, umri wa Harry mwenyewe anapokwenda Hogwarts, shule ya uchawi, alimaliza na 21. Katikati kulikuwa na kungoja, na naona kungoja huko ndiko kulikomjenga msomaji kuliko yale yaliyochapwa.

Chukua kisa cha Snape. Katika kitabu cha sita, kilichotoka Julai 2005, mwalimu huyu mwenye ulimi wa pilipili anamuua Dumbledore, mkuu wa shule, mzee aliyemwamini wakati wengine wote wakimtilia shaka. Je, ni msaliti, au ametimiza agizo la huyo huyo marehemu? Jibu lilikuwa kwa mwandishi, naye hakulitoa hadi miaka miwili baadaye. Watoto wakarudi kupekua vitabu vya nyuma. Snape aliyanusuru maisha ya Harry kwenye kitabu cha kwanza. Lakini miaka yote amemdhalilisha darasani. Dumbledore alimsihi kabla ya kufa. Lakini alisihi aachwe, au auawe? Kijana wa miaka 14 alijikuta akimhukumu mtu ambaye ushahidi wake haujakamilika, tena mtu asiyempenda, huku rafiki yake akitoa hukumu nyingine kwa sababu nzito vile vile. Sijaona somo la uraia linalotoa zoezi la namna hiyo.

Kuna utafiti wa Italia, uliochapishwa na Loris Vezzali na wenzake, unaotajwa kila vitabu hivi vinaposifiwa. Watoto wa shule ya msingi walisoma kwa wiki sita sehemu zinazohusu ubaguzi, na wale waliojiona ndani ya Harry wakawa na mtazamo mwema zaidi kwa wahamiaji. Washiriki wote walikuwa 34 tu, kwa hiyo tusishangilie mno. Kinachonivutia ni kwamba hawakuachiwa kurasa wakae nazo pembeni: walizisoma na kuzijadili katika vikundi vidogo.

Tena wasomaji huweza kukipita kitabu chenyewe. Hermione, rafiki wa Harry, anapowatetea watumishi wa majumbani wasiolipwa mshahara, rafiki zake wanamcheka, na hadithi haimalizi kesi hiyo. Vijana wa Harry Potter Alliance, kikundi kilichoanzishwa Marekani mwaka 2005, waliichukua kwa uzito. Waliibana Warner Bros., kampuni ya filamu za Harry Potter, kwa miaka kadhaa kuhusu kakao ya chokoleti zenye jina la Harry Potter, wakihofia kazi za utumwani zinazofanywa na watoto Afrika Magharibi, hadi kampuni ikakubali kubadilisha inakonunua. Na mwaka 2020, mwandishi mwenyewe, J.K. Rowling, alipoandika maoni yake kuhusu watu waliobadili jinsia, wengi waliokua na vitabu vyake walimpinga kwa jina la yale waliyosema wameyasoma kwake. Kama kitabu kingekuwa kinamimina tu, upinzani huo ungetoka wapi?

Mtoto wa leo anavikuta vyote saba rafuni. Anavimaliza likizo moja, na kesi ya Snape inakatwa kabla hajafikiri. Basi mzazi, ukimkuta mwanao amefunga cha sita, kifiche cha saba kwa wiki moja na umuulize: Snape anastahili hukumu gani? Ila nawe uwe umevisoma.