Kitabu cha Makosa Kitunzwe Siku Ngapi?

Mwaka 1906 Arthur Carscallen na Peter Nyambo walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, wakaanzisha misheni ya Waadventista Wasabato. Waumini wengi wa Homa Bay na Migori wamelelewa na fundisho lake zito: mbinguni kuna vitabu, kila tendo limeandikwa humo, na hata dhambi iliyosamehewa haifutwi mpaka hukumu ipite.

Kliniki za huku nazo zina kitabu cha namna hiyo. Faili za wanaoishi na virusi vya Ukimwi hutunzwa katika KenyaEMR, mfumo uliojengwa juu ya OpenMRS, na kanzidata yake ni MySQL. Kanzidata hiyo yaweza kuandika batli, yaani kila badiliko kwa mfuatano wake. Seva ikifa alasiri, fundi hurudisha nakala ya jana usiku, kisha batli hurudiwa hatua kwa hatua hadi dakika ya ajali.

Nafasi ya batli kwenye diski hukadiriwa kwa kuzidisha. Tuseme wagonjwa ni 200 kwa siku, kila mmoja ana mabadiliko 40, kila badiliko baiti 500: megabaiti 4. Kwa siku 30, muda ambao MySQL 8.0 hufuata isipoagizwa vingine, ni megabaiti 120. Ongeza hata mara kumi, diski haitajaa.

Basi kwa nini siku 30? Mgonjwa aliyetulia hupewa dawa za miezi 3, pengine 6. Karani akiandika kipimo chake kwenye faili ya mwenye jina kama lake (na kina Akinyi na Otieno ni wengi huku), kosa litagunduliwa atakaporudi, batli ikiwa imefutwa kitambo. Anayekadiria aanze na muda ambao kosa hujificha, ndipo ahesabu diski. Siku 180 ni megabaiti 720, kisha iongezwe nakala kamili ya kuanzia, maana bila hiyo batli haina pa kusimama.

Lakini batli ya MySQL kwa kawaida huandika hata tendo la kufuta pamoja na kilichofutwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 humpa mtu haki ya kuomba taarifa zake zifutwe. Jedwalini zitaondoka, batlini zibaki, na siri ya mtu wa Rongo au Mbita iwe kwa yeyote atakayeishika diski. Vitabu vya mbinguni vina msomaji mwenye haki. Chumba cha seva kina funguo kadhaa, kwa hiyo miezi sita hiyo batli ifungwe kwa usimbaji fiche, na siku ya 181 ifutwe kweli, pamoja na nakala zake zote.